Zawadi ya Ukoo wa Gueye

Hapa mjini kwetu Keur Mbissane hatununui gazeti. Ukitaka habari unakuja kwenye benchi la Mama Sokhna, kona ya msikiti mdogo, mkabala na uwanja wa mchanga wa kina Gueye. Benchi lenyewe ni ubao uliobaki siku jukwaa la mieleka lilipoanguka. Hakuna aliyekuja kuudai, na sisi hatukuuliza. Linakaa watu wanne, wa tano anakaa kwa imani. Kahawa ni ya Touba, ile yenye jari, kiungo kikali kama pilipili, inayokupanda puani kabla haijafika tumboni. Basi Ijumaa moja tumetoka kuswali, watu wamekula wali wao wa samaki, wamerudi kijiweni kuendelea na kazi ya kukaa, na mada haikuhitaji kutafutwa. Katikati ya uwanja kulikuwa na bango la bati, limechomekwa alfajiri, rangi bado mbichi: BUSTANI YA UMMA, ZAWADI YA UKOO WA GUEYE. Na Gueye mwenyewe, mwenye uwanja, kakaa katikati yetu kama mtu aliyefiwa asiyejua kafiwa na nani.

Jina lake Ibnou Gueye, ila sisi tunamwita Golikipa, maana zamani aliwahi kudaka penalti kwenye uwanja huohuo na mpaka leo anaidaka upya kila akipata msikilizaji. Uwanja kaachiwa na baba yake. Misimu miwili ya mvua sasa manispaa inasema itaununua ufanywe bustani. Na misimu miwili mkewe, Astou, anasubiri hela hizo ajengewe jiko lake, kwa sababu tangu aolewe anapika kwenye jiko la mama mkwe, na mama mkwe anaonja kila sufuria halafu anaguna.

– Hebu tuelewane, – alianza Waziri. – Wewe uliuza au ulitoa?

Waziri si waziri. Anaitwa Birame Sarr, aliwahi kumwendesha diwani fulani, kazi ikaisha, koti la suti akabaki nalo. Analivaa hata joto likiwa la kuyeyusha lami.

– Sikutoa, – Golikipa alisema. – Nilitania.

– Ulimtania nani?

– Seck.

Mama Sokhna aliacha kumimina kahawa. Mjini kwetu kila mtu anajua, ukoo wa Gueye na wa Seck ni watani tangu enzi za mababu. Wakikutana, mmoja lazima amwite mwenzake mtumwa, mwenzake amwite mlafi, ndipo wasalimiane vizuri. Gueye akifa, Seck anakuja msibani kudai kapu la marehemu, na watu wanacheka huku wanalia.

– Seck yupi? – niliuliza. – Yule wa ardhi, pale manispaa?

– Huyohuyo. Tulikutana kwenye akika ya mtoto wa fundi cherehani. Watu wamejaa uani. Akaniita kwa sauti, "Mtumwa wangu, huo uwanja wako nifanyeje nao?" Sasa mimi niseme nini mbele za watu? Nikamwambia, "Nikuuzie wewe? Nani humuuzia punda wake majani? Chukua, kula." Watu wakacheka. Seck akanyanyua mikono, akasema, "Jamani mmesikia, Gueye ametoa." Wakacheka tena.

– Na wewe?

– Nilicheka kuliko wote.

– Hapo ndipo ulipoingizwa mjini, baba, – Mama Sokhna alisema.

– Si uende umwambie ulikuwa unatania, – nikasema mimi.

Golikipa alinitazama mimi, wanayeniita Redio, kama nimemwambia avue suruali sokoni.

– Redio, wewe una akili? Gueye aende kwa Seck aseme, "Samahani bwana, ule ulikuwa utani"? Nitakuwa Gueye wa kwanza kumlilia Seck tangu dunia iumbwe. Wataniimba kwenye harusi. Wajukuu zangu wataimbwa.

– Na usipokwenda?

– Jumatatu madiwani wanakaa. Wakipitisha kuwa ni zawadi, imekwisha.

– Imekula kwako, – alisema Milano.

Milano ni Cheikhouna. Alikaa Italia miaka, akarudi na jaketi moja na ushauri mwingi. Methali anazijua zote, tatizo ni matumizi.

Waziri akarekebisha koti. Tukajua tumekwisha, somo linaanza.

– Nyinyi mnaangalia utani, mimi naangalia hela. Manispaa yenye hela haimvizii mtu kwenye akika. Sikilizeni niwafunze. Manispaa ina mifuko miwili. Mmoja wa kula, mmoja wa kujenga. Wa kula ndio mishahara, mafuta ya magari, sukari ya ofisini. Wa kujenga ndio zahanati, madarasa, masoko, na ardhi ya bustani. Sheria inakataza kuchanganya.

– Na wanachanganya?

– Hawawezi. Wa kujenga hauna kitu, utachanganya na nini?

– Mimi nalipa ushuru wa meza kila asubuhi, – Mama Sokhna alisema. – Yule kijana wa tiketi hajawahi kuniruka hata siku ya mafuriko. Alikuja kavua viatu, maji magotini, tiketi kaibana kwa meno. Hela yangu inaingia mfuko upi?

– Wa kula.

– Nilijua. Nimemwona anavyonenepa.

Milano akaweka kikombe chini.

– Kule Bergamo manispaa ikitaka bustani inakopa kwa wananchi wake. Inatoa karatasi, nzuri, ina muhuri. Unanunua, unaweka kabatini, miaka inakwenda, wanakurudishia hela yako na faida juu. Bustani unakalia leo, deni linalipwa taratibu hata na wale ambao hawajazaliwa, maana nao watabembea. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka, ndiyo maana wanakopa upesi.

– Huo ni upatu, – Mama Sokhna alisema.

– Si upatu, mama. Inaitwa hati fungani.

– Watu wanachanga, mmoja anakula kwanza, wengine wanasubiri zamu. Ni upatu huo, hata ukiuvika tai ni upatu. Ila wa kwangu una mama wa upatu, mtu anamjua mpaka mlango wake wa nyuma. Huo wenu mama yake nani?

– Meya.

– Basi mimi simo.

– Mimi pia simo, – Golikipa alisema. – Manispaa walikuja kwangu kuazima viti vya plastiki siku ya kufungua zahanati. Mpaka leo sijaviona.

– Vipo, – Waziri alimtuliza. – Nimevikalia. Vizuri sana.

Mimi hapo nikaona zamu yangu. Nina mambo kichwani, hawa wazee huwa hawanipi nafasi mpaka wanywe.

– Mchongo ni huu. Walipe wenye maghorofa. Mtu anaongeza ghorofa, anatuzibia upepo, kivuli chake kinaanguka mpaka kwenye nguo za jirani hazikauki. Sawa, ajenge. Lakini apimwe kivuli. Kivuli kirefu, kodi ndefu. Hela hiyo haipiti mfuko wowote, inakwenda moja kwa moja kununua viwanja vitupu watu wapate jua.

Waziri alifikiri. Nilifurahi, huwa hafikirii ninaposema.

– Kivuli kitapimwa saa ngapi?

– Jioni.

– Kwa nini jioni?

– Ndipo kinapokuwa kirefu.

– Huyu, – Mama Sokhna alisema, – sijui aliacha shule mapema au alichelewa kuiacha.

– Dogo hajakosea, – Milano alinitetea. – Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ndiyo maana kuna Benki ya Dunia.

– Milano, hiyo methali imekufanya nini?

– Mnahangaika na maghorofa, – Waziri alimkatiza, – kondoo mnawaacha. Angalieni mtaa huu. Kila mlango una kondoo. Kila paa lina kondoo. Barabara ni ya umma au si ya umma? Ya umma. Kondoo wamekaa juu yake tangu Idi ya kuchinja iliyopita, Tabaski, wakisubiri ijayo, wanakula hapo, wanalala hapo, hawajalipa hata faranga moja. Kila kondoo avae tiketi sikioni. Kondoo bila tiketi anakamatwa, anapelekwa manispaa.

– Akifika manispaa?

– Anawekwa kwenye mfuko wa...

– Wa kula, – tulimjibu wote kwa pamoja.

Waziri akavunjika moyo kidogo. Milano hakumpa nafasi ya kupona.

– Nimepata. Kausheni, nimepata. Mieleka. Meya wetu na meya wa ng'ambo ya reli. Waingie ulingoni. Kiingilio kinanunua uwanja wa Golikipa, televisheni inalipia miti, kampuni za simu zinalipia bembea. Nani asiyetaka kuona? Mimi mwenyewe nalipa, na nina kanuni ya kutolipa.

– Meya wetu ana kilo, – Waziri alikubali.

– Ana kilo, hana miguu, – alisema Mama Sokhna. – Akiangushwa?

– Akiangushwa bustani inakuwa yao.

– Uwanja uko hapa, bustani iwe ng'ambo ya reli?

– Kimaandishi.

– Watakuwa wanavuka reli kuja kukaa kwetu?

– Kwa msimu mmoja tu. Kuna marudiano.

– Na hirizi zake za kuingilia ulingoni? – niliuliza. – Mganga wa maana si bei rahisi. Mfuko upi?

– Wa kujenga, – alisema Waziri, tena bila kucheka. – Hirizi za meya ni miundombinu.

Golikipa alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, halafu akakumbuka, akawa anaikoroga kahawa isiyo na sukari.

– Cheka, cheka, – Mama Sokhna alimwambia kwa upole. – Astou anasemaje?

– Hasemi. Asubuhi kasoma bango, kaingia ndani. Leo Ijumaa, nyinyi mmekula. Kwangu sufuria limelala kifudifudi. Mama alimwita aje aonjeshe, hakuna cha kuonjesha. Mama mwenyewe kaogopa.

Mtani anaweza kukuibia kanzu, utacheka. Mwanamke wa Keur Mbissane akifunika sufuria siku ya Ijumaa, hakuna methali inayosaidia, hata za Milano.

– Haya nisikilize, Ibnou, – alisema Mama Sokhna. – Utani haulipwi kwa kulia, unalipwa kwa utani. Seck kachukua uwanja. Wewe nenda kwa Seck ukachukue kitu. Yule dume lake la kondoo, lile analoliogesha kwa sabuni ya unga. Au televisheni. Ingia, beba, toka, mwambie, "Mtumwa wangu, asante kwa zawadi." Hakuna Seck anayeweza kumshtaki Gueye. Akilitaka dume lake itabidi aje kwako, mkae chini, mzungumze kama watu wazima.

Tulimtazama Mama Sokhna kwa heshima. Ilikuwa akili ya kwanza kutokea benchini tangu tukae.

– Twende sasa hivi, – nikasema, nimeshasimama. – Mimi nashika pembe.

– Nilikwenda, – Golikipa alisema.

– Ulikwenda wapi?

– Kwa Seck. Saa ile mmetoka kuswali.

– Ukachukua nini?

Aliangalia vidole vyake.

– Nilifika nimewaka. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Seck hayupo, mkewe kanifungulia. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Gueye, najua njaa ndiyo imekuleta, nyie Gueye hamna ugonjwa mwingine." Akaweka sinia.

– Usiniambie ulikula.

– Ningesusa angesema Gueye kanuna.

– Ibnou. Ulikula?

– Kulikuwa na samaki mzima, mama. Na ukoko.

Milano alifumba macho. Waziri akatikisa kichwa kama daktari anayetoka wodini.

– Kisheria hiyo ni saini, – alisema.

– Ukoko si saini, – Golikipa alisema.

– Umetoa uwanja, ukaenda kwa uliyempa, ukapokea sinia. Hiyo ni shukrani, na umeipokea. Ulikula kwa mkono upi?

– Wa kulia.

– Basi ndiyo hivyo. Mkono wa saini.

– Na Astou anajua? – nikauliza.

– Nilinawa kwa sabuni. Nikanawa tena. Nikaingia nyumbani na sura ya njaa. Akanusa hewa tu. Akanitoa nje, akafunga mlango kwa ndani.

Nilitaka kucheka nikashindwa, nilitaka kumhurumia nikashindwa. Nikanywa kahawa.

Pikipiki ya kukodi ikasimama mbele yetu. Akashuka dada mmoja, kijana, kofia ngumu kichwani, utepe wa kupimia kauning'iniza shingoni kama fundi nguo. Akamlipa dereva, akatusalimia mmoja mmoja kwa mkono, vizuri, bila haraka, akauliza watu wa nyumbani, tukamwambia wapo kwa amani tu. Golikipa naye alisema wapo kwa amani tu.

– Natoka manispaa, – alisema. – Namtafuta Mzee Gueye.

– Manispaa tunawajua wote, – Waziri alisema. – Wewe hatukujui.

– Nimeanza wiki hii. Nimetoka Ziguinchor. Naitwa Diatta.

Uso wa Waziri ukang'aa. Diatta ni Mdiola, yeye Sarr ni Msereri, na makabila hayo nayo ni watani wa tangu na tangu.

– Alhamdulillahi, – alisema, akajinyoosha. – Mtumwa wangu amefika. Mpeni maji, ametoka mbali.

– Kwani wewe nani?

– Sarr.

– Msereri, – alisema dada. – Inuka basi. Tangu lini mtumwa anakaa bwana kasimama?

Na Waziri, mwenye koti, mwenye mifuko miwili ya manispaa kichwani, akainuka. Hana ujanja, sheria ni sheria. Dada akakaa, Mama Sokhna akampa kikombe. Nilimpenda hapohapo, lakini hiyo si habari ya leo.

– Mzee Gueye, – alisema, – nimetumwa na Bwana Seck.

– Kukamata uwanja.

– Hapana. Kuuliza. Bwana Seck amekwama. Anasema kwenye akika ulimwambia achukue bure, watu wakacheka, na yeye hakujua ulitoa kweli au ulitania. Na hawezi kukuuliza, maana Seck anayemuuliza Gueye kama utani ni utani atachekwa mpaka kaburini. Akawaza, nichomeke bango. Kama Gueye alitania, akiliona atakuja kugombana, ndipo nijue.

– Nilikwenda, – Golikipa alisema.

– Anajua. Mkewe kamwambia ulikuja, ukala, ukasifu ukoko, ukaondoka. Sasa ndiyo kachanganyikiwa kabisa. Akaniambia, "Nenda wewe, si Gueye wala si Seck, waweza kuuliza bila kuimbwa."

Mama Sokhna alijifunika uso kwa mtandio. Mabega yalikuwa yanamtetemeka kwa kicheko.

– Ngoja kwanza, – Waziri alisema huko aliposimama. – Hata akisema anauza, mtamlipa na nini? Mfuko wa kujenga mtupu.

– Mtupu? Nani kasema? Kuna fungu la kununua ardhi za bustani. Limetengwa tangu mwaka jana, halijaguswa. Ushuru wa meza za soko, sehemu yake ndiyo inaingia humo.

– Tiketi za asubuhi? – Mama Sokhna aliuliza, mtandio umeshuka.

– Hizohizo.

– Kumbe anayemnunua Ibnou ni mimi.

– Wewe na wenzako wa sokoni, ndiyo mama.

Mama Sokhna aliugeukia uwanja, akautazama toka mwanzo mpaka mwisho kama anatazama kitambaa dukani. Waziri alitafuta pa kukaa, hapakuwepo.

– Basi nauliza, – dada alisema, akamgeukia Golikipa. – Ulitoa, au unauza?

Golikipa aligeuka akaangalia kwake, ng'ambo ya barabara. Pale nje ya mlango wake mama yake alikuwa kakaa kwenye kigoda, naye katega sikio, na dirisha la chumba cha Astou lilikuwa wazi kidogo, kiasi cha kidole.

– Nauza, – alisema.

Milano akampiga begani. Mimi nilitaka kuzunguka uwanja mbio. Waziri akasema, "Tulikuambia," ingawa hakuna aliyekuwa amemwambia.

– Vizuri, – dada Diatta alisema. – Unauza kwa bei gani?

Golikipa alimtazama Waziri. Waziri akamtazama Milano. Milano akafungua mdomo, akaona hauna kitu ndani, akaufunga. Misimu miwili ya mvua tumekaa hapa. Tumeulizana hela itatoka kwa nani, itapita mfuko gani, italiwa na nani, tumewatoza kodi kondoo, tumewavua nguo mameya wawili tukawatia ulingoni. Bei ya uwanja hakuna mtu aliyewahi kuiuliza. Hata mwenyewe. Hata kwa bahati mbaya.

– Si lazima iwe kamili, – dada alisema. – Nipe pa kuanzia tu, kikao Jumatatu.

Golikipa aliutazama mchanga wake. Watoto walikuwa wanacheza mpira, wanalikwepa bango kama beki wa timu pinzani. Aliutazama muda mrefu, kama mtu anayepiga hesabu, ila midomo haikuhesabu. Halafu akasimama, akajipangusa kanzu nyuma.

– Dada, naomba unisubiri kidogo. Nikamuulize mke wangu.

Akavuka barabara. Akampita mama yake kwenye kigoda, mama akavuta miguu kumpisha. Mlango ulikuwa bado umefungwa kwa ndani. Akasimama mbele yake, akakohoa, akanyoosha kola, akagonga mlango wa nyumba yake mwenyewe kama mgeni asiye na uhakika na nyumba.

– Hodi, – tulimsikia.

Mama Sokhna akatua birika polepole lisigonge. Wote tukatega masikio.

– Astou. Hodi.